Ijumaa ya Kupunguza

Machi 2, Jumatatu
Mvua imeanza, na paa la jela nalo limeanza kazi yake ya kila mwaka, yaani kuvuja. Mimi ni askari wa getini. Nafungua, nafunga, napekua vyakula vinavyoletwa na ndugu, natunza vitu vya wanaoingia. Kila mtu huniachia viatu, mkanda na koti, maana ndani vitu hivyo hugeuka silaha. Natia kwenye gunia, natundika, kila mtu na msumari wake. Leo nimeyashusha magunia yaliyokuwa chini ya matundu ya paa nikayarundika kwenye kona kavu. Kwa siku mbili tatu tu, nimejiambia.

Chumba kikubwa kilijengwa kwa ajili ya watu arobaini. Sasa wamo mia na ushei, na huo ushei hata Mkuu wa jela hataki kuujua. Wanalala ubavu, wamebanana, hakuna awezaye kugeuka peke yake. Kwa hiyo wana nyapara wao, mfungwa wa miaka mingi, ambaye hupaza sauti "Geuka!" na chumba kizima kikageuka kwa pamoja. Ndiyo maana jina lake limekuwa Geuka. Asiyegeuka hugeuzwa kwa mateke.

Machi 4, Jumatano
Mkutano ukumbini. Halmashauri inaweza kujenga kitu kimoja tu mwaka huu: jela mpya au wodi ya wazazi. Nilisimama na sare yangu nikasema jengeni jela, hata kesho. Nikapigiwa makofi. Kisha akasimama Mkunga, mpangaji mwenzangu na shoga yangu wa siku nyingi, akasema kwake wajawazito wawili wanalala kitanda kimoja na wa tatu anazalia sakafuni. "Na wa kwangu, jamani, hawajaiba hata kuku wa mtu." Watu wakacheka. Makofi hawakupiga.

Tulirudi njia moja, yeye mbele, mimi nyuma. Jioni akanigongea kuomba chumvi, na chumvi anayo, niliiona asubuhi. Nikampa. Yakaisha.

Machi 6, Ijumaa
Hakimu hajafika tangu barabara ikatwe na mafuriko ya vuli. Kesi haziendi, na polisi hawaachi kukamata. Kwa hiyo kila Ijumaa asubuhi Mkuu na Inspekta wa polisi husimama mlangoni mwa chumba kikubwa, wakachagua wenye kesi nyepesi wakamngojee hakimu makwao. Mji mzima unaiita Ijumaa ya Kupunguza. Watu huja getini kutazama nani anatoka, wengine wakiwa na furaha, wengine wamekunja sura.

Leo ametoka mwizi mmoja wa simu. Nilimpa raba zake nyekundu akazivaa pale pale, akaniambia, "Asante, mama. Hutaniona tena."

Kweli sikumwona tena. Mchana alikamatwa sokoni, mkono mfukoni mwa mtu, au karibu na mfuko, au hakuwa karibu na mfuko wowote. Kila mmoja ana habari yake. Walimpiga kwa matofali ya ukuta wa choo cha soko, ule unaobomoka. Nilipopita kurudi nyumbani alikuwa amefunikwa gunia, nyayo ziko wazi. Hatua chache mbele, mtu alikuwa anasukuma mkokoteni amevaa raba nyekundu.

Nilimwambia Mkunga: unaona? Tungekuwa na nafasi, yule angekuwa hai. Akaniuliza, "Na waliomuua, hao ungewaweka wapi?" Nilikasirika, nikamfungia mlango.

Machi 10, Jumanne
Mvua. Lundo la kona linakua. Misumari mingi iko mitupu.

Machi 14, Jumamosi
Usiku wa kuamkia leo duka la pale njia panda limevamiwa. Mwenye Duka alifungwa kamba. Mkewe alishika droo asiiachie, wakaukata mkono wake kwa panga, vidole vitatu vikabaki kwenye kaunta. Mkunga ndiye aliyeitwa kumfunga damu, maana daktari hayupo. Amerudi na gauni lote limeganda, akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, hakutaka maji wala chai. Akasema tu kwamba mama wa watu alikuwa anauliza kama vidole vimeokotwa.

Mjini wanamtafuta mwanamume mrefu, koti jeusi. Nusu ya wanaume wa mji huu ni warefu na wana koti jeusi.

Machi 17, Jumanne
Jana sikwenda kazini, nilimpeleka Mama kutazamwa miguu. Ndiyo siku mvamizi wa dukani alipokamatwa na kuletwa, amepigwa hadi uso hauna mbele. Mwenzangu wa zamu, ambaye kazi anayoijua vizuri ni kupokea mshahara, hakutundika chochote. Vitu vyote vya jana kavitupa juu ya lundo. Nilimfokea. Akasema msumari unaotaka wewe uko chini ya bomba la mvua, dada, kaning'inie mwenyewe.

Machi 18, Jumatano
Mchuma janga hula na wa kwao, na sisi tumeketi mezani.

Mdogo wangu amekamatwa. Kitinda mimba wetu, mtoto aliyelelewa na mgongo wangu kabla sijajua kusuka nywele. Anafanya kazi kwa Bucha, anakata nyama, mcheshi, mdomo haulali. Mteja mmoja alimwambia mizani yao ni ya wezi. Naye hakutafuta fimbo wala kisu; alishika kilichokuwa mkononi, mguu wa ng'ombe, akampiga nao tayani. Taya likavunjika. Soko zima lilicheka, na mimi nilipohadithiwa nilicheka, mpaka nilipofungua geti nikamwona yeye katikati ya polisi wawili.

"Shikamoo, dada," akasema. "Utanitundika msumari gani?"

Nilipokea viatu vyake na mkanda. Msumari wa kwanza kutoka mlangoni ni mkavu. Nikamtundikia hapo. Koti hakuwa nalo, alikuwa na shati tu la kazini lenye damu ya ng'ombe.

Machi 20, Ijumaa
Wamepunguza tisa. Yeye hakuguswa. Mwenye Duka alikuwa nje na mwavuli, ananyoosha shingo, anamkagua kila anayetoka. Nilimpa pole ya mkewe. Akanijibu, "Siku mkimtoa yule, nitakuwa hapa."

Machi 23, Jumatatu
Mdogo wangu ametoka kupokea uji akiwa na mdomo umepasuka. Geuka anaita, yeye anaitika kwa mzaha, "Subiri, naota!" Chumba kinacheka, Geuka anaaibika, na Geuka akiaibika huwa hapigi yeye. Anatazama tu, wengine wanapiga.

Nilimwita Geuka pembeni. Nikamwambia huyo ni damu yangu, mpe ukutani. Ukutani ndiko pazuri, unabanwa upande mmoja tu. Akainamisha kichwa. "Ukisema wewe, dada, nani atabisha?"

Machi 25, Jumatano
Aliyeondolewa ukutani alibisha.

Ilikuwa saa ya uji. Nilisikia chumba kikubwa kimenyamaza ghafla, na anayefanya kazi hapa anajua kwamba kelele si kitu, ogopa wakinyamaza. Nilipofika dirishani watu walikuwa wamejibana kuacha nafasi katikati, sijui nafasi hiyo waliitoa wapi kwenye chumba kile. Mdogo wangu alikuwa chini. Mwenzake huyo amemlalia kifuani, ana kijiko kilichonolewa sakafuni, anakishindilia pajani, anakichomoa, anakishindilia tena, polepole, kama mtu anayelima. Mdogo wangu alimng'ata sikio. Hakuliachia. Alipovutwa na askari alikuja nalo, akalitema miguuni pa Geuka.

Geuka akasema, "Haya, geuka." Na watu wakageukia ukuta.

Nilimfunga jeraha mwenyewe kwenye chumba cha magunia. Mzaha wote ulikuwa umemtoka. "Dada, nitoe. Usiku wa leo wataniua." Nilimwona kama alivyokuwa na miaka minne, akiogopa kwenda msalani peke yake. Ukutani nilimweka mimi. Sikumwambia, lakini alikuwa anajua.

Machi 26, Alhamisi
Amelala chumba cha magunia kwa huruma ya Mkuu, ila Mkuu amesema ni mwisho leo. Nilimsihi ampunguze kesho. Nilipiga magoti. Sijawahi kumpigia mtu magoti zaidi ya Mama. Aliyevunjwa taya amekubali yaishe, Bucha amekwenda kumwomba radhi na figo nzima ya ng'ombe. Mkuu akasema sawa, kesho atoke.

Mama ameniandalia maji ya kuoga. Amefua shuka la mwanawe. Majirani wanamsikia anaimba.

Machi 29, Jumapili
Nataka kuiandika Ijumaa, nisije nikaisikia kwa watu mpaka nikaisahau yangu.

Mvua ilikuwa inamwagika. Aliitwa wa tatu. Alichechemea mpaka kwangu, homa inamchemka, shati limemganda mwilini. Nilimpa viatu, nikamfunga mkanda mwenyewe. Nikasema huwezi kwenda hivyo, utafika maiti. Nikageukia lundo. Juu kabisa kulikuwa na koti jeusi, zito, kavu. Nilidhani ni la mmoja wa waliopunguzwa, kalisahau. Nikalikung'uta, nikamvika, nikamfunga vifungo vyote mpaka kidevuni. Akasema, "Linanuka mtu." Nikamwambia Mama atalifua.

Alipogeuka niliona mgongoni lina mstari mpana wa njano, ule unaong'aa. Nikafurahi. Nilijiambia angalau magari yatamwona.

Nikafungua geti, akatoka, nikafunga. Mwenye Duka alikuwa pale pale na mwavuli wake. Mdogo wangu ana adabu kwa watu wazima. Alisema, "Shikamoo, mzee," akampita.

Mwenye Duka akaitika, "Marahaba." Kisha akageuza shingo.

Usiku ule wa uvamizi, wakati radi inapiga, alimwona mvamizi anakimbia na mstari wa njano mgongoni. Sokoni walijua. Watoto walijua. Mimi nilisikia koti jeusi, basi, na siku lilipoletwa na mwenyewe likatupwa kwenye lundo sikuwa kazini.

"Ndiye!" alipiga kelele. "Wamemtoa! Wamemtoa huyo!" Na kabla neno halijaisha alikuwa amemchoma na ncha ya mwavuli shingoni. Kisha wakaja wengine. Hawakuuliza jina. Mmoja alimpiga goti kwa nondo ya ujenzi, kwenye mguu ule ule wenye jeraha, nikasikia mfupa. Hakukimbilia barabarani. Alirudi kwangu. Alijiburuta mpaka getini, akashika vyuma, akasema, "Dada! Dada, fungua! Nirudishe ndani!"

Ufunguo ulikuwa mkononi. Nilishautia kwenye kufuli. Mkuu akanishika mikono kwa nyuma, akapiga kelele kwamba nikifungua wataingia wote, na mle ndani kuna watu mia. Mwenzangu wa zamu akaunyakua ufunguo. Nilimng'ata Mkuu. Nilipiga kelele: si yeye, koti si lake, nimemvika mimi! Mvua na makelele vikayameza maneno. Walimpiga akiwa ameshika vyuma. Vidole vyake vilikuwa upande wangu. Nilivishika. Niliendelea kuvishika vilipoacha kunishika.

Walipomgeuza chali, mtu mmoja akamtambua kwa nywele. "Huyu si mkata nyama wa Bucha?" Wakaanza kuondoka mmoja mmoja, wanatembea, kama watu wanaotoka mkutanoni. Mwenye Duka alibaki peke yake na mwavuli uliovunjika.

Jana tumemzika.

Machi 31, Jumanne
Mama hali chakula.

Aprili 1, Jumatano
Mkutano wa mwisho wa jela au wodi. Mwenyekiti alianza kwa kutusimamisha tumkumbuke mdogo wangu. Kisha akasema: ndugu zangu, kijana yule ameuawa na ukosefu wa jela. Kungekuwa na nafasi, angekuwa ndani mpaka leo, salama. Akaniita mbele niseme neno, akijua nilichosema mwezi uliopita.

Nilikwenda. Nikaona nyuso. Baadhi yao nilikuwa nimezitazama Ijumaa kupitia vyuma. Mwenye nondo alikuwa mstari wa tatu, amenyoa vizuri.

Nikasema, "Koti nilimvika mimi. Kumpiga mlimpiga ninyi. Jengeni mnachotaka, ila msiseme ni ukosefu wa chumba." Nikarudi kukaa. Mkunga akaniwekea mkono wake gotini, hakuuondoa.

Wamepiga kura. Jela imeshinda.

Aprili 3, Ijumaa
Inspekta amekamata watu wanne. Mwenye nondo ana mjomba mkubwa, hayumo. Mwenye Duka yumo. Nilipokea viatu vyake, mkanda, na kofia. Hakuniangalia. Nilimtundikia msumari unaovujiwa.

Geuka alinijia dirishani kwa sauti ya chini. "Dada, sema neno moja tu."

Sikusema. Lakini pia sikusema "usimguse", na Geuka si mjinga.

Aprili 7, Jumanne
Mwenye Duka ana jicho moja tu linaloona. Meno ya mbele hayapo. Akipita kuchukua uji, wanamtilia mchanga. Naandika ukweli: nilifurahi. Nilikula vizuri kwa mara ya kwanza. Mama aliona nakula, naye akala.

Aprili 9, Alhamisi
Mkewe amekuja na chakula. Nilikipekua. Alishika bakuli kwa mkono wa kushoto, wa kulia una vitambaa. Akasema, "Dada, nisamehe kwa kuja kwako." Nilikichimba kile chakula kwa kijiko kirefu kuliko kawaida, nikakiharibu, kisha nikampelekea mumewe. Nililala vibaya.

Aprili 10, Ijumaa
Mwenye Duka amedhaminiwa na nduguze kwa Inspekta. Mkuu amesema apunguzwe leo, aende akangojee kesi ya mauaji nyumbani, maana akibaki atafia mle na yeye hataki karatasi nyingine ya maiti.

Nje walikuwa wamejaa. Mbele kabisa Bucha na vijana wake wa kazi, na visu vyao vya kazi. Hakuna aliyewaondoa. Polisi walikuwa upande wa pili wa barabara wanakinga mvua.

Nilimpa viatu. Alichungulia kwenye vyuma, akawaona, akakaa chini sakafuni, mzee mzima, akashika pindo la suruali yangu. "Usinifungulie. Dada, kwa ajili ya Mungu, usinifungulie. Nirudishe ndani."

"Ndani wanakutoa macho."

"Moja limebaki. Nirudishe."

Nilisimama na ufunguo. Ndani Geuka, nje Bucha. Kwa wiki nzima nilikuwa naiomba saa hii, na sasa ilikuwa yangu, ningeweza kuitumia kwa kufungua tu, kazi yangu ya kila siku, bila mtu kunilaumu. Akasema tena, "Nirudishe ndani." Sauti haikuwa ya mdogo wangu, lakini maneno yalikuwa yake.

Nikavua koti langu la kazi, la serikali, lenye nembo begani. Nikamwambia simama. Nyoosha mkono. Na huu. Alinuka damu na mkojo. Nilimfunga vifungo vyote mpaka kidevuni, vidole vyangu vikijua njia. Sijamsamehe. Nilimwambia hivyo nikiwa nafunga cha mwisho. Akatikisa kichwa kwamba amesikia.

Nikafungua, nikatangulia.

Jiwe la kwanza lilinipata juu ya jicho. Sikuanguka. Bucha akapiga kelele wasirushe, kisha akanijia, kisu chini kando ya paja.

"Dada, sogea."

"Sisogei."

"Huyo ndiye aliyemuua mdogo wako!"

"Namjua. Nilikuwa natazama. Wewe ulikuwa wapi?"

"Sogea, nakuomba. Nilimpenda kama mwanangu."

"Mdogo wangu alikuja hapa kuomba afunguliwe, Bucha, nikashindwa. Wakanishika. Leo hakuna aliyenishika. Niache niweze kumfikisha mtu mmoja tu kwake."

Damu iliniingia jichoni, sikumwona vizuri. Nilisikia kisu kinaanguka kwenye tope. Kisha nikamsikia analia kwa sauti, mwanamume wa unene ule, na vijana wake wakamzunguka kwa aibu wasijue wamshike wapi. Tukapita. Mawe mawili yalikuja kwa nyuma; moja lilimpata begani, kwenye nembo.

Mkewe alifungua mlango wa duka. Niliondoka bila kuaga na bila koti, kwa sababu kumgusa tena nisingeweza.

Aprili 11, Jumamosi
Mkunga amenishona nyuzi tano. Anasema mkono wake umezoea kushona penginepo, nisimlaumu. Tumecheka mpaka Mama akaja kutazama kuna nini.

Aprili 22, Jumatano
Hakuna mvua. Barabara imefunguka, hakimu anakuja wiki ijayo. Kiwanja cha jela mpya kimeanza kuchimbwa, kilimani nyuma ya zahanati, pale pale Mkunga alipopiga hatua kupimia wodi yake. Mwenye nondo amepata kazi ya kusuka vyuma. Nimeuliza itachukua watu wangapi. Mia tatu, wamesema, kwa fahari. Nilitazama mjini kutoka pale juu, mapaa yote yale, nikaanza kuhesabu waliokuwa getini, nikaacha.

Aprili 24, Ijumaa
Leo mke wa Mwenye Duka ameleta koti langu. Limefuliwa, limepigwa pasi kwa mkono wa kushoto. Mikono imenyooka, mgongo umekunjamana. Akaniuliza tu, "Akihukumiwa, atakaa hii au ile mpya?"

"Hii, mpaka ile iishe."

"Basi mwangalie, dada."

Sikuahidi. Nililipokea koti, nikalitundika kwenye msumari wa kwanza kutoka mlangoni, ule uliokuwa wa mdogo wangu. Kisha nikarudi getini, kwa kuwa ilikuwa Ijumaa na nje watu walikuwa wameshaanza kujaa.